Kadi ya harambee haifai kambini: pesa za wenzi wa wanajeshi zitoke dukani

Rais William Ruto alipotangaza tarehe 5 Julai 2024 kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawatashiriki tena katika harambee, wengi waliisikia kauli hiyo kwa sikio la siasa. Vijana walikuwa wametoka tu barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na picha iliyokuwa vichwani mwa watu ni ya mbunge akimwaga manoti madhabahuni. Lakini mwanajeshi naye ni mtumishi wa umma. Katika mitaa inayozunguka kambi za Lanet, hapa Nakuru, kauli ile inagusa kadi ndogo ya karatasi ngumu ambayo mke wa mwanajeshi huizungusha mlango kwa mlango wenzake wanapotaka kuzisaidia familia za walio Somalia. Ndipo zikazuka tafsiri mbili. Ya kwanza inasema wake wa wanajeshi wamefungiwa, wasichangishe tena. Ya pili inasema agizo ni la wanasiasa, kambini mambo yaendelee kama kawaida.

Zote mbili zimekosea. Ya kwanza inasahau kwamba mke wa koplo hawi mtumishi wa umma kwa kuolewa na koplo, na kwamba tangazo lilelile lilimtaka Mwanasheria Mkuu aandae utaratibu wa michango ya hisani iliyo wazi na yenye mpangilio. Ya pili inafumbia macho jambo lililosemwa zamani: Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ilimkataza mtumishi wa umma kugeuza mahali pake pa kazi kuwa uwanja wa harambee, na ikamkataza kutumia wadhifa wake kumbana mtu atoe pesa. Hoja yangu ni kwamba wenzi wa wanajeshi wana kila sababu ya kuendelea kutafuta pesa za kusaidiana, ila wameshika chombo kibaya. Ndani ya jamii inayoishi kwa vyeo, kadi ya harambee huchota kwa walio chini na kumpa sifa aliye juu. Chombo kinachofaa ni duka la kudumu la vitu vilivyokwisha kutumika, linaloendeshwa na wenzi wenyewe nje ya lango la kambi, na mfano wake umeshajaribiwa kwa miongo mingi na jamii za kijeshi zilizo mbali na kwao.

Tuanze na jamii yetu yenyewe. Mwanajeshi wa Marekani anayepangiwa kazi Ujerumani au Japani mara nyingi huenda na familia yake: mke au mume, watoto, mbwa, na makasha ya vyombo. Kenya haifanyi hivyo. Tangu majeshi yetu yalipovuka mpaka Oktoba 2011 kuingia Somalia, kisha yakawekwa chini ya Umoja wa Afrika mwaka 2012, jamii yetu ya kijeshi ng'ambo imekatika vipande viwili: askari yuko kule, familia imebaki Lanet, Gilgil, Eldoret, au kijijini Butere na Ugenya. Jina la ujumbe huo wa Umoja wa Afrika limebadilika, AMISOM hadi 2022, ATMIS hadi mwisho wa 2024, na sasa AUSSOM, lakini mkatiko huo haujabadilika. Kwa hiyo anayeuliza "tuwapelekee vijana wetu nini?" ameanza vibaya. Chakula, maji na mafuta ya majeshi ya ujumbe ule hushughulikiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoitwa UNSOS. Katoni ya unga kutoka Nakuru haimwongezei askari kitu. Kinachomnyima usingizi ni simu ya nyumbani: mtoto amerudishwa kwa karo, mama mzazi amelazwa Kakamega, mwenye nyumba kule Pipeline amepiga kufuli mlango. Ukitaka kumsaidia aliye Kismayo, tatua jambo la Pipeline kabla hajarudi zamu.

Waingereza walijifunza hili kwa shida wakati wa vita vya Afghanistan. Wananchi wenye moyo mwema walituma vifurushi kwa askari wasiowajua, hasa kuelekea Krismasi, vikajaza nafasi kwenye ndege na helikopta hadi barua za familia zikachelewa. Wizara yao ya Ulinzi ikalazimika kuwaomba watu waache kutuma, ikabaki na mpango wa familia zenyewe kutuma bure kifurushi kisichozidi kilo 2. Kifurushi humfurahisha aliyekituma kuliko kinavyomsaidia anayekipokea. Kwa hiyo kikundi chochote cha wenzi kinachokusanya sabuni na biskuti za kupeleka mpakani kinapaswa kujiuliza nani atazibeba, kwa gari lipi, katika barabara ipi, na je, nafasi hiyo isingebeba kitu kingine?

Pengo halisi liko mahali ambapo karatasi za serikali hazijafika bado. Mfano ulio wazi ni Landstuhl, hospitali ya jeshi la Marekani kule Ujerumani, karibu na uwanja wa ndege za kijeshi wa Ramstein, katika eneo la Kaiserslautern lenye jamii kubwa kuliko zote za kijeshi za Marekani nje ya nchi yao. Wakati wa vita vya Iraq na Afghanistan, majeruhi wengi walifikishwa hapo bila nguo, kwa kuwa sare zilikuwa zimekatwa kwa mkasi na madaktari wa kwanza. Upasuaji ulilipiwa na serikali hadi senti ya mwisho. Suruali ya kuvaa siku ya kutoka wodini, mswaki na begi la kutilia vitu vyake vilitoka kwa watu wa kujitolea na michango. Nani angemwandikia majeruhi hati ya ununuzi wa suruali? Hapa kwetu majeruhi hupelekwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi, Nairobi, na mkewe yuko Mumias na mtoto mgongoni. Matibabu yana bajeti. Nauli ya kumfikisha mke kitandani mwa mumewe usiku huohuo haina.

Duka la mitumba lilipata nguvu katika kambi za Marekani ng'ambo kwa sababu za kawaida kabisa. Familia hukaa miaka miwili au mitatu, kisha huhamishwa. Serikali huwasafirishia vyombo, lakini kwa uzito uliowekewa kikomo kwa cheo. Umeme wa Ujerumani ni volti 230 na wa Marekani ni 120, kwa hiyo taa, feni na pasi zilizonunuliwa Ujerumani hazina kazi kwa anayerudi, ilhali anayefika wiki ijayo anazihitaji usiku wa kwanza. Basi anayeondoka huacha, anayefika hununua kwa bei ndogo, na faida inayobaki katikati huwa karo ya watoto wa wanajeshi na ruzuku kwa shule na vikundi vya kambi. Hakuna aliyeombwa mchango. Klabu za wenzi zinazoendesha maduka hayo zinahesabiwa kuwa mashirika ya binafsi yanayoruhusiwa kufanya kazi ndani ya kambi: zina katiba, zinajitegemea kwa pesa, na haziruhusiwi kujifanya sehemu ya jeshi. Kanuni za maadili za wizara yao zinaruhusu kundi la wanajeshi au familia zao kuchangishana wao kwa wao kwa ajili ya mfuko wa wao kwa wao, lakini mkubwa hamwombi mdogo wake.

Sasa itazame kadi yetu kwa karibu. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, yenye muhuri wa kikundi, jina la mgeni wa heshima kwa herufi kubwa, na ndani safu nne: nambari, jina, kiasi, sahihi. Mistari ya kwanza haiachwi wazi. Aliyeitoa kadi huwa ameshajaza jina la mke wa meja, shilingi 10,000, na la mke wa kapteni, 5,000. Kadi inapomfikia mke wa askari wa cheo cha chini saa kumi na mbili jioni, na aliyeishika ni jirani ambaye mumewe ndiye mkubwa wa kazi wa mume wake, mwenye mlango anasoma mistari ile kabla ya kusema lolote. Anaandika 2,000 aliyokuwa ameiweka ya unga. Hakutishwa na hakuna neno baya lililosemwa, lakini hiari haikuwepo. Sheria ilipotaja kutumia wadhifa kumbana mtu haikusema lazima wadhifa uwe wa yule anayeshika kadi.

Chukua mfano wa hesabu. Nyumba 60 zinaalikwa, 15 za maafisa zikatoa 10,000 kila moja na 45 za vyeo vya chini zikatoa 2,000. Jumla ni shilingi 240,000, na mfawidhi anaitangaza kwa kipaza sauti watu wakipiga makofi. Toa hema, viti, spika, chakula cha watu 150, soda, na zawadi ya mgeni wa heshima: tuseme 85,000. Imebaki 155,000. Zile nyumba 45 za chini zilitoa 90,000, maana yake sherehe imekula karibu kila shilingi iliyotoka mezani kwa wenye kidogo, na wao ndio mfuko uliokusudiwa kuwasaidia. Mwaka ujao wataombwa tena. Kama kikundi hakina akaunti yake, pesa zote zinaingia kwenye laini ya simu ya mweka hazina, zikichanganyika na mshahara wa mumewe na mkopo wake wa simu. Kikomo cha laini moja ya M-Pesa ni shilingi 500,000, na tatizo huanza mapema zaidi ya hapo: mkopo wa simu ukifika siku ya kulipwa hujikata wenyewe, na mfuko wa wajane umeshalipa deni la mtu.

Wapo watakaosema kwamba naua utamaduni, na hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa pili. Harambee haikuletwa na wanasiasa, ilikuwepo, wao waliiteka tu. Kule Magharibi mwa Kenya, msiba ukitokea, mtu huja na shilingi mia au kuku, na kuja kwake ndiyo rambirambi yenyewe. Nakubali kabisa. Baada ya shambulio la El Adde, Somalia, la tarehe 15 Januari 2016, lililowaua askari wengi wa kikosi cha Eldoret, hakuna duka ambalo lingetosha kuwa faraja. Watu walihitaji kukaa pamoja na kutoa kwa mikono yao. Msibani harambee ibaki. Lakini msiba una maiti, una tarehe ya mazishi, na unajulikana na kijiji kizima, kwa hiyo hesabu yake inakaguliwa na macho ya watu. Karo ya muhula wa pili na nauli ya hospitali havina siku ya sherehe. Ukivifanyia harambee, unamlazimisha mwenye shida asubiri mgeni wa heshima apate nafasi, kisha asimamishwe mbele ya umati ashukuru.

Hoja nyingine ni kwamba serikali ndiyo inayopaswa kulipa, na kila shilingi ya wake wa wanajeshi inaificha aibu ya serikali. Kuna ukweli hapa. Mshahara, marupurupu, fidia ya aliyejeruhiwa na pensheni ya mjane visiguswe na mfuko wa hisani hata kwa siku moja, kwa sababu mfuko ukianza kulipa vitu hivyo, mwenye wajibu atalegea. Lakini zipo shida ambazo hata serikali iliyo bora duniani haiwezi kuzilipa kwa wakati. Serikali inamjua aliyeandikwa kwenye faili la jamaa wa karibu. Haimjui shangazi aliyemlea askari, wala mtoto wa ndugu anayesomeshwa na mshahara ule. Hati ya malipo huandikwa, huidhinishwa, hukaguliwa, na ni sawa iwe hivyo kwa pesa ya umma. Wamarekani wana serikali tajiri na bado jeshi lao lilianzisha mfuko wa dharura mwaka 1942. Jumuiya ya msaada ya wanamaji wao ya mwaka 1904 ilianza na mapato ya mechi ya mpira kati ya timu ya jeshi la nchi kavu na ya wanamaji. Uingereza ilikuwa na SSAFA, shirika la hisani la familia za wanajeshi, tangu 1885.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba walio Somalia wanalipwa kwa dola, familia zao zinahitaji msaada gani? Wenye hoja hii wanaichukulia posho kama mshahara unaoingia kila mwisho wa mwezi. Haiko hivyo. Wakati wa AMISOM posho iliwekwa dola 1,028 kwa askari kwa mwezi, nchi zikitoa humo makato yao. Pesa yenyewe ilitoka kwa wafadhili, ikapitia Umoja wa Afrika, kisha kwa serikali, ndipo ikamfikia askari, na kila kituo njiani kina ucheleweshaji wake. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza mchango wake kwa asilimia 20, na posho ikashuka. Ujumbe wa sasa umeanza 2025 huku suala la nani ataulipia likiwa halijatatuliwa. Anayeambiwa dola zinakuja hawezi kumpa mwenye nyumba habari hizo badala ya kodi. Zaidi ya hapo, familia iliyozoea kuhesabu dola zile huwa imeshazikopea, kwa hiyo zinapochelewa huumia kuliko ambayo haikuzitarajia.

Kwa hiyo duka. Mahali pake ni nje ya lango, kando ya barabara ambayo familia hupita kwenda sokoni. Ndani ya kambi mnunuzi wa nje hawezi kuingia, na duka likiwa mahali pa kazi pa mwanajeshi tumerudi kwenye kosa la mwanzo. Kontena la futi 20 linatosha, lina meta 5.9 kwa ndani na upana wa meta 2.35. Likatwe madirisha mawili yenye nyavu upande usiopigwa na jua la alasiri, kwa sababu bati hupika plastiki na viatu vya gundi huachia soli. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikiwa na wanachama wasiopungua kumi na katiba, ndipo kifungue akaunti ya benki na kupata nambari ya till kwa jina la kikundi. Watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa pesa. Hapa ndipo vikundi vingi vya kambini hufia: mtia sahihi mmoja anahamishiwa Mombasa, wa pili Nanyuki, akaunti inabaki na pesa isiyotoka. Dawa ni kuandika katika katiba kwamba anayepata barua ya uhamisho hubadilishwa benki kabla lori la vyombo halijafika mlangoni, na kwamba anayeondoka na anayeingia wahesabu mali pamoja, siku moja, kipande kwa kipande.

Vitu vinaingia kwa njia mbili. Kuna vinavyotolewa bure, ambavyo bei yote ni ya duka, na kuna vya kuuziwa mwenyewe, ambapo mwenye kitu huchukua asilimia 70 na duka 30. Njia ya pili isidharauliwe. Mke wa askari wa cheo cha chini anayehama hawezi kumpa mtu kabati bure, lakini atafurahi kupata asilimia 70 ya bei yake badala ya kulipakia lifike limevunjika. Kila kitu kipewe kadi ya nusu ukurasa iliyokatwa vipande viwili vyenye nambari moja: kipande kimoja hufungwa kwenye kitu kwa uzi, kingine hutiwa faili, kikiwa na bei, tarehe na herufi B ya bure au K ya kuuziwa. Kitu kikinunuliwa, kipande cha uzi kinakatwa na kutumbukizwa kwenye mkebe. Jioni, vipande vya mkebe, taslimu na ujumbe wa M-Pesa lazima vikubaliane. Vikikataa, duka halifungwi hadi tofauti ipatikane, kwa maana tofauti ya shilingi 200 ikilazwa, kesho haijulikani ni ya nani. Siku 60 zikipita bei inakatwa nusu. Siku 90 zikipita kitu kinatoka: mwenyewe akichukue, au kiuzwe kwa jumla kwa wafanyabiashara wa Kibuye, Kisumu. Duka linalokataa kutupa hugeuka ghala, na ghala halina mteja.

Muhimu kuliko vinavyoingia ni vinavyokataliwa. Sare, buti, mikoba na kofia zozote za jeshi zisivuke kizingiti, hata kuukuu, hata kama mtoaji ni afisa. Raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na kitu kimoja kikipatikana kwa mhalifu, kikundi kizima kitaandika maelezo. Bidhaa mpya kutoka DEFCO, duka la wanajeshi kambini, zikataliwe vilevile. Baadhi yake huuzwa kwa wanajeshi kwa nafuu ya kodi, na kuziuza nje ni kuitia mfukoni nafuu ambayo haikukusudiwa kwako. Kule Ujerumani vitu visivyotozwa ushuru haviruhusiwi kupita kwa asiyestahili, na kosa hilo peke yake laweza kufunga duka. Magodoro yasipokelewe kwa ajili ya kunguni, ambao wakiingia kwenye kontena watahamia kwenye nguo zote kabla hujawaona. Mtungi wa gesi ukataliwe, meko yapokelewe. Friji iliyoletwa imelazwa kwenye pikapu isimamishwe wima siku nzima kabla ya kuchomekwa, kwani mafuta ya compressor huwa yameingia kwenye mabomba na ukiiwasha unaiua. Kisha iwekwe chupa ya maji usiku kucha. Isipogandisha, isiuzwe kama friji.

Nguo za shule ndizo zitakazolibeba duka letu, kama vile taa na pasi zilivyolibeba la Ujerumani. Mtoto anayehama kutoka Lanet kwenda Eldoret anaacha sweta ambalo halivaliki shule nyingine yoyote, na mtoto anayefika analihitaji Jumatatu. Zipangwe kwa shule kwanza, saizi baadaye, kwa sababu mama anapoingia hutaja jina la shule kabla ya umri wa mtoto. Lebo za majina zifumuliwe. Zipu zote zijaribiwe mezani mbele ya aliyeleta.

Na hesabu yake? Tuseme duka linauza vitu 120 kwa mwezi kwa wastani wa shilingi 300, nusu vya bure na nusu vya kuuziwa. Vya bure vinaleta 18,000, vya kuuziwa vinaachia duka 5,400. Toa kodi ya uwanja 6,000, mlinzi wa usiku wa kushirikiana na jirani 5,000, umeme 1,500. Zimebaki 10,900 kwa mwezi, yaani 130,800 kwa mwaka. Ni pungufu kuliko zile 155,000 za harambee, na sioni sababu ya kulificha hilo. Tofauti ni kwamba pesa hizi zipo Jumanne saa tano usiku simu inapolia, na aliyezitoa aliondoka na kabati au sweta mkononi. Hakuna nyumba iliyolala bila unga.

Kutoa nako kuwe na kanuni zilizoandikwa kabla ya shida kutokea. Ningeweka ngazi mbili. Dharura isiyozidi 12,000, ambayo ni nauli ya watu wawili kutoka Magharibi hadi Nairobi na malazi ya usiku mbili tatu, iamuliwe na watu wawili kwa simu ndani ya saa mbili, na risiti zifuate ndani ya wiki. Chochote kilichozidi hapo, kama karo, kikae mbele ya kamati ya watano ambamo wake au waume wa vyeo vya chini wasipungue watatu. Fomu isiwe na nafasi ya cheo cha mwanajeshi. Karo ilipwe kwenye akaunti ya shule, kodi kwa mwenye nyumba. Salio lisishuke chini ya 30,000 kwa sababu yoyote isipokuwa kifo au jeraha. Nimesema wake au waume kwa makusudi. Mei 2024 Jeshi la Anga lilipata kamanda mwanamke, Meja Jenerali Fatuma Ahmed, na wapo wanaume mitaani Nakuru wanaolea watoto peke yao wakati mke yuko kazini ng'ambo. Kikundi kinachojiita cha akina mama hakitapata simu ya mwanamume huyo hata awe amekwama namna gani.

Mke wa kamanda naye ana nafasi, lakini isiwe ya mwenyekiti. Jina lake hufungua milango ya benki na ya kaunti, na ni haki kulitumia huko. Lisitumike kufungua milango ya majirani. Makampuni yanayouza vitu kambini yasichangie hata kiti, kwa kuwa zawadi ya mwenye tenda kwa kikundi cha mke wa mkubwa itasomwa na kila mtu jinsi inavyopaswa kusomwa. Bahati nasibu, ambayo vikundi hupenda kuiongeza penye kiingilio, inahitaji leseni ikiuzwa kwa umma, basi iachwe. Na matangazo ya duka yasitaje kikosi, tarehe ya kuondoka wala kambi ya ng'ambo. Bango linalosema "tuwasaidie vijana wetu wanaoondoka mwezi ujao" limempa adui kalenda. Liandikwe tu: nguo za shule, vyombo, faida kwa familia.

Seneti ilipokea mwaka 2024 mswada wa michango ya umma unaokusudia kuiondoa sheria ya zamani ya makusanyo na kuwataka wachangishaji wapate kibali na kutoa hesabu. Ukipita kwa sura hiyo, kadi ya kambini itahitaji karatasi ambazo vikundi vingi havina. Duka lenye usajili, vipande vya kadi na taarifa ya benki litakuwa limeshatimiza sehemu kubwa ya yanayotakiwa. Familia zenye watoto hujitahidi kuhama kati ya mihula, na likizo ndefu huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Kontena linalotaka kupata vitu vya wanaoondoka Desemba na wateja wa Januari liwe wazi kufikia katikati ya Novemba, rafu ya kwanza kutoka mlangoni ikiwa ya viatu vyeusi vya shule, saizi 28 hadi 38.